Majengo ya Wapi? Katalogi na Skima za Chaguomsingi katika Kanzidata

Mtu aliyeko Mombasa akitaja Majengo, msikilizaji wake huelewa mtaa mmoja tu. Aliyeko Nairobi akitamka neno hilohilo humaanisha mtaa mwingine kabisa, na wa Moshi au Dodoma naye ana Majengo yake. Hakuna kati yao anayekosea, kwa kuwa mji alimo msemaji hujazia sehemu ya anwani ambayo ulimi wake umeiacha. Utata huanza pale jina hilo linapoandikwa juu ya mzigo na kusafirishwa hadi mji mwingine, ambako mpokeaji hulijazia kwa mji wake mwenyewe, kisha akaupeleka mzigo katika mtaa wenye jina lilelile lakini kwa watu wasiokusudiwa. Kanzidata, ambayo wengine huiita hifadhidata, yaani mfumo wa kompyuta unaotunza taarifa kwa mpangilio ili ziweze kutafutwa, kuongezwa na kusahihishwa, hukutana na jambo lilelile kila inapopokea amri, na mara nyingi hulitatua kimyakimya bila mtumiaji kujua kwamba kulikuwa na swali.

Lugha inayotumika kuzungumza na kanzidata nyingi za leo ni SQL. Ilibuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce katika maabara ya kampuni ya IBM huko San Jose, Marekani, na maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1974, miaka minne baada ya Edgar Codd wa kampuni hiyohiyo kutoa nadharia ya kupanga data katika majedwali. Jedwali huwa na safuwima zinazotaja aina ya taarifa, kama vile jina, tarehe au kiasi, na safumlalo ambazo kila moja hubeba kumbukumbu ya mtu au tukio moja. Mtunza hesabu wa chama cha akiba na mikopo anayetaka orodha ya wanachama huandika, au programu yake humwandikia, amri fupi ya SELECT * FROM wanachama, inayomaanisha kwamba zitolewe safuwima zote za jedwali liitwalo wanachama. Amri hiyo imekamilika kisarufi, lakini haijasema ni wanachama wa wapi.

Jina kamili la jedwali katika SQL lina sehemu tatu zinazotenganishwa kwa nukta. Ya mwisho ni jina la jedwali lenyewe. Kabla yake hutangulia jina la skima, yaani fungu ndani ya kanzidata linalokusanya majedwali yanayohusiana pamoja na fanksheni zake, fanksheni ikiwa ni kipande cha programu kilichohifadhiwa ndani ya kanzidata na kinachoitwa kwa jina ili kifanye kazi fulani. Mwanzo kabisa huwekwa katalogi, ambayo ni mkusanyiko wa skima. Kwa mfano wa awali, jedwali ni nyumba, skima ni mtaa, na katalogi ni mji. Hivyo chama.mikopo.wanachama na chama.akiba.wanachama ni majedwali mawili yasiyojuana, ingawa jina lao la mwisho ni moja. SQL ilikubaliwa kuwa lugha sanifu nchini Marekani mwaka 1986 na kimataifa mwaka 1987, lakini ngazi ya katalogi iliingia katika toleo la mwaka 1992, lililoleta pia amri za SET CATALOG na SET SCHEMA, ambazo humwezesha mtumiaji kutangaza mji na mtaa anaoukusudia kwa muda wote wa kikao chake. Kikao hapa ni kipindi kinachoanza programu inapounganishwa na seva ya kanzidata na kuisha inapoagana nayo.

Kuandika sehemu zote tatu kila mara kunachosha, na hufanya programu iliyoandikwa kwa mji mmoja isiweze kuhamia mji mwingine bila kuandikwa upya. Kwa sababu hiyo kila mfumo umejiwekea utaratibu wa kujazia sehemu zilizoachwa, na thamani inayojazwa huitwa chaguomsingi, yaani chaguo linalotumika pale ambapo mhusika hakutaja lolote. Jambo linalostahili kusisitizwa ni kwamba chaguomsingi hilo ni sehemu ya jina sawasawa na herufi zilizoandikwa, na kwamba mwenye mamlaka ya kulibadilisha ana mamlaka ya kubadilisha maana ya kila amri iliyoandikwa kwa jina fupi, hata kama hakugusa herufi moja ya amri hiyo. Mafundi wengi huishughulikia mipangilio hii kama kazi ndogo ya siku ya kwanza, kisha wakaisahau, na makosa mengi yanayoelezwa baadaye katika makala haya huzaliwa na kusahau huko.

Toleo la SQL la mwaka 1992 lilitaja ngazi za katalogi na skima bila kufanikiwa kuwafanya watengenezaji wazijenge kwa namna moja, na matokeo yake ni kwamba neno lilelile hubeba maana tofauti kutoka mfumo hadi mfumo. Katika MySQL, skima na kanzidata ni kitu kimoja: amri ya CREATE SCHEMA hufanya kazi ileile ya CREATE DATABASE, na ngazi ya katalogi imebaki jina tupu, kwani majedwali ya mfumo yanayoeleza yaliyomo huandika neno def katika safuwima ya katalogi kwa kila jedwali lililopo. Mtumiaji huchagua mahali pa kufanyia kazi kwa amri ya USE, na asipochagua, jina fupi hukataliwa kwa kosa namba 1046, linalosema kwamba hakuna kanzidata iliyochaguliwa. Kukataa huko kuna heri, maana mfumo unaouliza “wapi?” humwokoa mtu na madhara ambayo mfumo unaokisia humletea. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao chimbuko lake linahusiana na huduma za VVU za Eldoret nchini Kenya, hutumia MySQL, na programu hiyo hutaja jina la kanzidata yake katika anwani ya muunganisho wenyewe, hivyo kila amri inayotumwa baadaye hurithi jina hilo bila kulirudia.

Oracle ilichagua njia nyingine, ambayo huwatatiza sana wanaotoka kwenye mifumo mingine. Huko skima hulingana na mtumiaji: akaunti inapoundwa, skima yenye jina lake huwa tayari, na amri iitwayo CREATE SCHEMA, licha ya jina lake, haiundi skima yoyote, bali huwezesha majedwali na ruhusa kadhaa kuundwa kwa mkupuo mmoja ndani ya skima ambayo mtumiaji anayo tayari. Chaguomsingi la kila mtu ni skima yake mwenyewe, na anayetaka kufanya kazi katika skima ya mwenzake hutoa amri ya ALTER SESSION SET CURRENT_SCHEMA. Amri hiyo hubadilisha jinsi majina yanavyosomwa bila kumwongezea mtu ruhusa hata moja, na tofauti hiyo inapaswa kukaa akilini kwa mifumo yote, kwa kuwa kujua mtaa si sawa na kupewa ufunguo wa nyumba.

SQL Server ya Microsoft hugawanya chaguomsingi katika ngazi mbili. Akaunti ya kuingilia kwenye seva ina kanzidata yake ya chaguomsingi, nayo ndiyo inayosimama mahali pa katalogi; kisha, ndani ya kila kanzidata, mtumiaji ana skima yake ya chaguomsingi. Akaunti iliyoundwa bila kuelekezwa popote hupelekwa katika kanzidata iitwayo master, ambayo mfumo huitumia kutunza mambo yake wenyewe, na hivyo si ajabu kukuta humo majedwali ya wafanyakazi au ya stoo yaliyoundwa na fundi mwenye ruhusa kubwa aliyeingia kwa haraka akasahau kutaja kanzidata. Kinyume chake hutokea pia: kanzidata iliyokuwa chaguomsingi la akaunti ikifutwa au ikizimwa, mwenye akaunti hukataliwa mlangoni kwa kosa namba 4064, na nenosiri lake, ambalo watu hukimbilia kulibadilisha, halikuwa na tatizo lolote. Hadi toleo la mwaka 2000, skima na mmiliki wake vilikuwa kitu kimoja. Toleo la mwaka 2005 lilivitenganisha, na tangu hapo jina fupi hutafutwa kwanza katika skima ya chaguomsingi ya mtumiaji, kisha katika skima iitwayo dbo. Watumiaji wawili wenye skima mbili tofauti za chaguomsingi wanaweza basi kutuma amri moja, herufi kwa herufi, wakapata majibu mawili yanayopingana, na kila mmoja akaapa kwamba mwenzake amekosea.

PostgreSQL ndiyo inayofaa kuchunguzwa kwa kina, kwa sababu ni ya wazi kwa yeyote kuisoma na kuitumia, na kwa sababu inabeba mifumo ambayo wananchi wa Afrika Mashariki huigusa bila kuijua. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, huhifadhi data yake katika PostgreSQL. Humo katalogi ni kanzidata yenyewe, na muunganisho mmoja hufungwa kwa kanzidata moja hadi mwisho wake: hakuna amri ya kuhama mji katikati ya kikao, na jina la sehemu tatu hukubaliwa tu ikiwa sehemu ya kwanza ni jina la kanzidata ambayo tayari mtu yumo. Chaguomsingi la katalogi basi huamuliwa mlangoni, na asiyetaja kanzidata anapoingia hupelekwa kwenye kanzidata yenye jina sawa na jina lake la mtumiaji; ndiyo maana mgeni anayejaribu mfumo huu kwa mara ya kwanza huambiwa kwamba kanzidata yenye jina lake haipo, ilhali hakuwahi kuiomba.

Kwa upande wa skima, ambazo ziliingia katika PostgreSQL kwa toleo la 7.3 mwaka 2002, mfumo huu hautaji mtaa mmoja, bali hutunza orodha ya mitaa ya kupita kwa mfuatano, iitwayo search_path, yaani njia ya utafutaji. Thamani yake ya chaguomsingi ni "$user", public. Sehemu ya kwanza humaanisha skima yenye jina la mtumiaji aliyeingia, kama ipo. Ya pili ni skima iitwayo public, ambayo huundwa pamoja na kila kanzidata mpya. Jina fupi likitajwa, mfumo hupita njia hiyo kuanzia mwanzo na kuchukua jedwali la kwanza lenye jina hilo. Jedwali jipya likiundwa kwa jina fupi, huwekwa katika skima ya kwanza iliyopo kwenye njia. Zaidi ya hizo zilizoandikwa, ipo skima ya pg_catalog, yenye majedwali na fanksheni za mfumo wenyewe, ambayo hutafutwa kabla ya nyingine zote isipokuwa pale mtumiaji anapoitaja mahali pengine kwa makusudi. Na majedwali ya muda, yaani yale yanayokufa kikao kinapoisha, hutangulia hata hiyo. Jedwali la muda liitwalo wanachama, likiundwa katikati ya kikao, hulifunika lile la kudumu lenye jina hilohilo hadi kikao kiishe au lenyewe lifutwe.

Utaratibu huu una wepesi wake, lakini una tabia moja inayohitaji uangalifu mkubwa: skima iliyotajwa katika njia bila kuwepo hurukwa kimya, pasipo kosa wala onyo. Fundi aliyekusudia kuandika mikopo, public akaandika mkopo, public hataambiwa kwamba hakuna skima iitwayo mkopo. Majedwali yake yataundwa katika public ikiwa ana ruhusa huko, na huenda miezi ikapita kabla mtu hajauliza kwa nini skima ya mikopo iko tupu. Hali ni hiyohiyo kwa anayefunga orodha nzima ndani ya alama za kunukuu, kwa kuandika 'mikopo, public' kana kwamba ni neno moja, kwani mfumo huisoma kuwa skima moja yenye mkato na nafasi katikati ya jina lake, skima ambayo bila shaka haipo. Herufi kubwa nazo zina mtego wake. Jina lisilo na alama za kunukuu hugeuzwa kuwa herufi ndogo, kwa hiyo skima iliyoundwa kwa jina "Mikopo" ndani ya alama hizo haitapatikana na njia iliyoandikwa Mikopo bila alama. Makosa haya matatu ni ya kalamu tu, na kila moja hutibika kwa dakika moja. Ubaya wake ni ukimya, kwa sababu kosa lisilopiga kelele hugunduliwa na mteja kabla ya fundi.

Njia ya utafutaji inaweza kupangwa katika ngazi kadhaa, na ngazi iliyo karibu zaidi na amri ndiyo yenye nguvu. Ya mbali kabisa ni faili la postgresql.conf, linalosomwa na seva nzima. Juu yake huja thamani iliyofungwa kwenye kanzidata kwa amri ya ALTER DATABASE, kisha ile iliyofungwa kwa mtumiaji kwa ALTER ROLE, kisha ile ya mtumiaji huyo ndani ya kanzidata moja mahsusi, kisha ile inayoletwa na programu wakati wa kuunganishwa. Amri ya SET, ikitolewa ndani ya kikao, huzishinda zote hizo hadi kikao kiishe, na SET LOCAL huishinda SET kwa muda wa muamala mmoja tu, muamala ukiwa kundi la amri zinazokubaliwa zote au kukataliwa zote. Hatimaye fanksheni inaweza kubeba njia yake yenyewe, inayotumika kila inapoitwa. Thamani iliyofungwa kwa kanzidata au kwa mtumiaji huchukuliwa wakati wa kuingia, hivyo anayeibadilisha haoni matokeo katika kikao ambacho kilikuwa wazi, na anayejivika cheo cha mtumiaji mwingine kwa amri ya SET ROLE harithi njia ya mtumiaji huyo. Mafundi wawili waliokaa meza moja, wakiulizia jedwali moja katika seva moja, wanaweza kukuta mmoja analiona na mwingine anaambiwa halipo, kwa sababu tu mmoja aliingia asubuhi na mwingine mchana.

Tarehe 1 Machi 2018, watunzaji wa PostgreSQL walitoa matoleo mapya ya dharura pamoja na maelezo ya udhaifu uliosajiliwa kwa namba CVE-2018-1058, na maelezo hayo yanafaa kueleweka na kila mtu anayesimamia kanzidata, kwa kuwa yanaonyesha chaguomsingi likigeuka silaha mikononi mwa mtumiaji wa kawaida. Wakati huo, kwa chaguomsingi, kila aliyeruhusiwa kuingia katika kanzidata aliruhusiwa pia kuunda vitu katika skima ya public, na skima hiyo ilikuwa katika njia ya utafutaji ya kila mtu. PostgreSQL ina fanksheni yake iitwayo lower, inayogeuza maandishi kuwa herufi ndogo, ambayo hupokea data ya aina ya text. Lakini safuwima nyingi za majina huundwa kwa aina ya varchar, ambayo ni ndugu ya text, na mfumo huibadilisha yenyewe inapobidi. Mtumiaji mwenye nia mbaya aliweza kuunda ndani ya public fanksheni yake iitwayo lower pia, ila inayopokea varchar. Siku msimamizi anapoandika lower(jina), mfumo hulinganisha fanksheni zote mbili na kuchagua ile inayolingana barabara na aina ya safuwima, yaani ile ya mhalifu, hata kama pg_catalog ilitangulia katika njia, kwa sababu fanksheni huchaguliwa kwa kulingana kwa aina kabla ya kutazama nani ametangulia. Na kwa kuwa fanksheni hiyo huendeshwa kwa mamlaka ya aliyeiita, msimamizi mwenyewe, kwa mkono wake, humkabidhi mhalifu ruhusa anazotaka. Amri ya msimamizi haikuwa na kasoro yoyote ya kuonekana. Ilikuwa na jina fupi tu.

Hatari huwa kubwa zaidi katika fanksheni zilizoandikwa kwa sifa ya SECURITY DEFINER, ambazo huendeshwa kwa mamlaka ya mmiliki wake badala ya aliyeziita, na ambazo hutumika pale mtu wa kawaida anapohitaji kufanya kazi moja ya ngazi ya juu bila kupewa cheo kizima. Fanksheni ya aina hiyo ikiacha njia ya utafutaji ichaguliwe na anayeiita, imemruhusu mgeni aamue maana ya majina ndani ya nyumba ya mwenyeji. Kwa hiyo kila fanksheni ya SECURITY DEFINER inapaswa kufungwa njia yake yenyewe, yenye skima zinazoaminika tu, na skima ya majedwali ya muda, pg_temp, ikitajwa mwishoni, maana isipotajwa hutangulia. Hili si suala la ladha ya uandishi, na fundi anayeliacha kwa sababu ya haraka anaacha mlango wazi katika nyumba ya watu wengine.

Matoleo hayo ya mwaka 2018 yalileta pia badiliko dogo katika pg_dump, programu inayotoa nakala ya kanzidata kwa ajili ya akiba. Nakala inazozalisha tangu hapo huanza kwa kuifanya njia ya utafutaji kuwa tupu, na kila jedwali huandikwa pamoja na jina la skima yake. Badiliko hilo liliibua makosa yaliyokuwa yamejificha: fanksheni zilizoita fanksheni nyingine kwa jina fupi, hasa zile zilizotumika ndani ya faharasa za kuharakisha utafutaji, zilikataa kufanya kazi wakati nakala inarudishwa, kwa kuwa mtaa zilioutegemea haukuwa tena katika njia. Inafaa kukumbuka hapa kwamba mwonekano, yaani swali lililohifadhiwa na kupewa jina kana kwamba ni jedwali, hauna tatizo hilo, kwani majina yaliyomo hufungwa kwenye majedwali yake siku mwonekano unapoundwa, ilhali maneno yaliyomo ndani ya fanksheni nyingi hubaki maandishi yanayosomwa upya yanapotumika. Viendelezi, yaani vifurushi vya uwezo wa ziada, navyo huguswa: PostGIS, kiendelezi cha ramani ambacho DHIS2 hukihitaji, mara nyingi huwekwa ndani ya public, na msimamizi anayeiondoa public katika njia kwa nia njema ya usalama hukuta fanksheni zote za ramani zimetoweka machoni pa programu.

Mahali pengine ambapo chaguomsingi huleta madhara ya kweli ni katika programu moja inayohudumia wateja wengi. Na tuchukulie programu ya vyama vya akiba na mikopo ambayo imempa kila mteja skima yake, zote zikiwa na majedwali yenye majina yaleyale, na ambayo humtambua mteja kwa kubadilisha njia ya utafutaji kila ombi linapoingia. Mpango huo unafanya kazi vizuri hadi pale inapowekwa programu ya kugawana miunganisho, kama vile PgBouncer, ambayo hutunza miunganisho michache iliyo wazi na kuiazimisha kwa maombi mengi ili seva isilemewe. Katika mtindo wa kuazimisha kwa kila muamala, muunganisho hurudishwa muamala unapoisha na kupewa ombi lingine palepale, ukiwa bado na njia ya utafutaji iliyowekwa na SET ya ombi lililotangulia. Ombi la chama cha pili linaweza basi kusoma akiba za chama cha kwanza, au kuandika marejesho ya mkopo katika daftari lisilo lake, bila kosa lolote kuonekana. SET LOCAL huziba tundu hilo kwa sababu athari yake hufa pamoja na muamala, lakini kwa data inayogusa fedha za watu, kutaja skima wazi katika kila amri, pamoja na kumpa kila mteja akaunti isiyo na ruhusa ya kugusa skima za wengine, ni ulinzi ulio imara kuliko kutegemea kumbukumbu ya muunganisho.

Waandishi wa programu kwa lugha ya Java hukutana na ngazi nyingine tena ya mipangilio. Java ilikuwa na njia ya kuweka katalogi ya muunganisho tangu zamani, na njia ya kuweka skima iliongezwa katika Java 7 ya mwaka 2011. Hibernate, maktaba inayowaandikia amri za SQL, ina mipangilio miwili, hibernate.default_catalog na hibernate.default_schema, ambayo hufanya kazi kwa namna tofauti na njia ya utafutaji: badala ya kuiachia kanzidata ijazie, maktaba yenyewe huandika jina la katalogi au skima ndani ya amri inayozalisha. Anayetumia MySQL huweka ile ya katalogi na anayetumia PostgreSQL huweka ile ya skima, kwa sababu kiunganishi cha Java cha MySQL kwa kawaida huihesabu kanzidata kuwa katalogi. Amri zilizoandikwa kwa mkono haziguswi na mipangilio hiyo isipokuwa mwandishi ameweka ndani yake alama maalumu ya nafasi ya skima, na hivyo programu moja inaweza kuwa na amri zinazokwenda mtaa mmoja na nyingine zinazokwenda mtaa mwingine.

Katika Trino, chombo cha kuuliza maswali kwa vyanzo vingi vya data kwa pamoja, katalogi hupata uzito wake kamili. Kila katalogi ni faili dogo la mipangilio linaloeleza jinsi ya kukifikia chanzo kimoja, iwe PostgreSQL, MySQL au rundo la mafaili, na swali moja linaweza kuunganisha jedwali la mji mmoja na jedwali la mji mwingine. Mtumiaji anaweza kutaja katalogi na skima anapoingia, au kwa amri ya USE. Asipofanya hivyo wala msimamizi hakumpangia, jina fupi hukataliwa na mfumo humtaka ataje sehemu inayokosekana. Kwa chombo kinachoona miji yote kwa wakati mmoja, ukali huo ni wa lazima.

Msimamizi anayerithi kanzidata ya PostgreSQL iliyojengwa na wengine hufanya vyema kuanza kwa maswali machache. SHOW search_path humwonyesha njia ilivyoandikwa, na fanksheni ya current_schemas(true) humwonyesha njia inayotumika kweli, baada ya skima zisizokuwepo kuondolewa na zile za siri kuongezwa. Tofauti kati ya majibu hayo mawili mara nyingi ndiyo ugonjwa wenyewe. Baada ya hapo huangalia ruhusa za skima ya public. Toleo la 15, lililotolewa Oktoba 2022, liliondoa ruhusa ya kila mtu kuunda vitu humo, lakini badiliko hilo linahusu kanzidata zinazoundwa upya tu: kanzidata iliyozaliwa katika toleo la zamani na kupandishwa daraja, au iliyorudishwa kutoka katika nakala ya akiba, huja na ruhusa zake za awali, na msimamizi anayeamini kwamba toleo jipya limemlinda anaweza kuwa bado yuko katika hali ya mwaka 2017. Amri inayofunga mlango huo ni REVOKE CREATE ON SCHEMA public FROM PUBLIC. Neno public limo humo mara mbili kwa maana mbili zisizohusiana: la kwanza ni jina la mtaa, yaani skima, na la pili ni watu wote wenye akaunti katika seva hiyo. Herufi kubwa za neno la pili ni mazoea ya waandishi tu, kwani mfumo hauzihitaji. Huzitenganisha maana hizo mbili kwa mahali ambapo kila neno limesimama katika sentensi.